Nguvu na Msimu Wake

Hakuna kazi duniani isiyokuwa na msimu wake, na hakuna msimu unaomngoja mtu aliyelala. Mvua hainyeshi kwa hiari ya mkulima, wala theluji haianguki kwa amri ya mchezaji. Vyote viwili huja kwa wakati wao, humkuta mmoja amejiandaa na mwingine hajajiandaa, na huwahukumu wote bila ya kusikiliza udhuru. Kwa sababu hiyo watu wa kila nchi wamejifunza kuutia mwili nguvu kabla ya siku ya haja. Jambo hili huonekana dogo, kama kwamba ni jambo la miguu na mikono tu. Lakini ndani yake limo swali ambalo hekima haiwezi kulipita kwa haraka. Mtu anapojitia nguvu kwa ajili ya msimu, nguvu zile ni mali ya nani? Tena ni kitu gani kinachozifanya zimjenge badala ya kumbomoa?

Mfano wa mbali husaidia kuuona ulio karibu. Katika nchi za baridi kali, kama Norwei, Ufini na Uswisi, uko mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao mbili ndefu na nyembamba zifungwazo miguuni, ambazo huitwa skii. Ateremkaye mlimani huchukuliwa na uzito wake mwenyewe, na mapaja yake hufanya kazi ya breki: hukunja goti, huzuia, hugeuza, huzuia tena, mpaka misuli ikawa kama inawaka moto. Asafiriye katika tambarare na vilima hufanya kazi ya mkimbiaji na ya mpiga kasia kwa wakati mmoja, maana miguu husukuma na mikono hujivuta kwa fimbo mbili. Basi kabla ya theluji kuanguka, watu wa mchezo huo huchuchumaa na kuinuka wakiwa na mzigo mabegani, husimama kwa mguu mmoja ili mwili ujifunze mizani, hukimbia kupanda vilima, hukaza misuli ya tumbo na ya mgongo, na wengine huvaa skii zenye magurudumu wakasafiri juu ya lami kama kwamba lami ni theluji. Asiyefanya hivyo huweza kulipa deni lake kwa goti katika siku ya kwanza.

Mchezo huo ungedhaniwa haumhusu mtu wa Afrika ya Mashariki, lakini umekwisha kumhusu. Philip Boit, mkimbiaji wa mbio za kati kutoka pande za Eldoret nchini Kenya, alikwenda Ufini mwaka 1996 kujifunza skii, na huko ndiko alikoonana na theluji uso kwa uso kwa mara ya kwanza. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Februari 1998, alisimama mahali pa kuanzia mbio katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, akiwa Mkenya wa kwanza kushiriki michezo hiyo. Mbio zenyewe zilikuwa za kilometa 10. Bjørn Dæhlie wa Norwei alishinda kwa dakika 27 na ushei. Boit alifika wa mwisho, katika nafasi ya 92, kwa dakika 47 na ushei. Mshindi hakwenda zake. Alimngoja pale pale kwenye mstari wa mwisho, na Boit alipofika alimkumbatia.

Mtu alijitia nguvu kwa miaka miwili kwa ajili ya msimu ambao mji wake hauna, kisha akawa wa mwisho. Je, alipata hasara? Kabla ya kujibu yafaa kuutazama mji mwingine usiokuwa na theluji, ambako swali hilo huulizwa kila mwaka kwa jembe na nyundo.

Buseresere ni mji wa biashara katika Wilaya ya Chato, Mkoa wa Geita, kando ya barabara itokayo Geita kwenda Bwanga na Biharamulo. Umeshikana na Katoro hata mgeni hawezi kujua mji mmoja unakoma wapi na mwingine unaanzia wapi. Mkoa wenyewe ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Mwanza, Kagera na Shinyanga. Watu wake hulima mahindi, mihogo, mpunga na pamba. Wengine hufuga, wengine huuza na kununua, na wengi huteremka chini ya ardhi kutafuta dhahabu. Mvua huanza mnamo Oktoba au Novemba. Kabla yake hupita miezi mikavu ya Juni, Julai na Agosti, ambayo huifanya ardhi kuwa ngumu kama kigae. Mkulima anayekaa miezi hiyo bila kushika kitu, akangoja wingu la kwanza ndipo alitwae jembe, hufanana na mteleza skii aliyetoka kitandani akaenda mlimani. Viganja vyake vimelainika, kiuno chake kimesahau kuinama, na siku zile chache ambazo udongo huipokea mbegu kwa furaha humpita huku akijikanda mgongo.

Wazee wa Usukuma walilijua jambo hili bila ya kufundishwa na kitabu. Vijana wa kijiji walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, na chini yake walilima mashamba kwa pamoja, majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo wa ngoma. Katika kazi hiyo ilitoka ngoma ya Bugobogobo, ambamo wachezaji hurusha majembe hewani na kuyadaka. Baada ya mavuno ulikuja msimu wa mashindano ya ngoma, na hapo walikabiliana Bagalu na Bagika, makundi mawili yaliyoanzia kwa mahasimu wawili wa uganga wa karne ya 19, Gumha na Ngika. Kila kundi lilifanya jitihada ya kuwavuta watazamaji wa kundi lingine. Kwa njia hiyo, iwe kwa kusudi au kwa bahati, mwili uliotoka shambani haukuachwa ulale mpaka mvua. Jembe liliukabidhi kwa ngoma, na ngoma ikaurudisha kwa jembe.

Jirani zao Wanyamwezi waliyaanza maandalizi mapema zaidi. Richard Burton, Mwingereza aliyepita nchi yao katika miaka ya 1857 na 1858, aliandika kwamba mtoto wa miaka sita au saba alionekana akibeba pembe ndogo ya ndovu begani, kwa sababu upagazi wa kwenda pwani ulihesabiwa kuwa kipimo cha uanaume. Mzigo wa mpagazi mzima ulikuwa wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na zaidi. Mtoto yule alijiandaa kwa safari ambayo ingemfikia baada ya miaka kumi. Yamkini hakujua jina la mji aliokuwa akiuendea, lakini bega lake lilikwisha kuanza kuujua umbali.

Katika nchi ya dhahabu ni rahisi sana kukosea juu ya nguvu, kwa kuwa macho yamezoea mali ya namna nyingine. Dhahabu haipati kutu wala haiozi. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza kazi mwaka 2000. Na katika miaka yote 34 iliyopita kati ya tarehe hizo, dhahabu iliyobaki mwambani haikupungua hata punje moja. Nguvu si hivyo. Pumzi za mkimbiaji huanza kupungua katika wiki mbili au tatu za kukaa bure. Nguvu za misuli hukawia kidogo, lakini nazo hufunga mizigo na kuondoka. Mtu apitapo umri wa miaka thelathini na kitu, mwili wenyewe huanza kupunguza nyama yake polepole, na baada ya sitini huharakisha. Nguvu, basi, hazina sanduku. Ni kama moto wa jikoni, ambao hauwekwi akiba bali huchochewa. Na mwenye moto mkubwa jana aweza kuamka leo akakuta majivu.

Hapo pana fundisho la kwanza. Kitu kisichowekwa akiba hakirithiwi, wala hakiibiwi, wala hakinunuliwi. Tajiri aweza kununua nyumba mbili katika siku moja, lakini hawezi kununua miguu ya mwendesha baiskeli aliyemletea mkungu wa ndizi kutoka kijijini. Akitaka miguu kama hiyo, hana budi kuitengeneza kwa jasho lake, siku kwa siku, kama mtu wa chini kabisa. Kwa jambo hili maskini na tajiri husimama mstari mmoja. Lakini lisilouzika hukodishika. Tajiri hawezi kuzinunua nguvu za mwenziwe zikawa zake, lakini aweza kuzikodi kutwa nzima. Na hapo swali la mwili hugeuka kuwa swali la haki.

Ili haki hiyo ionekane, yapasa kwanza kujua jinsi nguvu zinavyozaliwa. Watu wengi hudhani kwamba nguvu huzaliwa katika kunyanyua. Sivyo. Katika kunyanyua, nyuzi za misuli huchoka, na nyingine huumia kidogo kidogo. Ni katika kulala na kula ndiko mwili unakotengeneza kilichoumia na kukiongezea kimo. Mzigo huagiza, usingizi hujenga. Kwa hiyo zoezi lina mafiga matatu: kazi, chakula na pumziko. Likiondolewa figa moja, chungu huanguka, hata kama mafiga mawili yaliyobaki ni makubwa kama majabali ya Mwanza.

Chukua mfano wa vijana wawili wa Buseresere. Mmoja ni muuza duka. Jioni, akisha kufunga mlango, huenda uani kwa rafiki yake, ambako yako makopo mawili yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba la chuma. Hunyanyua kwa muda wa saa moja, huoga, hula ugali na dagaa wa Ziwa Viktoria pamoja na maharage, hulala mpaka alfajiri, na kesho yake hupumzika. Mwingine ni mchimbaji katika duara. Huteremka asubuhi kwa kamba, hupiga mwamba kwa nyundo na tindo, hupakia mawe katika viroba, huvivuta mpaka chini ya mdomo wa shimo, na siku nyingine jua hutua kabla yeye hajatoka. Akipimwa uzito alionyanyua kwa siku moja, atakuwa amempita muuza duka mara nyingi. Basi watu husema kwamba mchimbaji hahitaji zoezi, kwani kazi yake ni zoezi tosha, na mwili wake utakuwa wa chuma.

Maneno haya yanavutia, lakini si ya kweli. Watafiti wa Copenhagen, nchini Denmark, walifuatilia maisha ya watu zaidi ya 104,000, na mwaka 2021 walichapisha waliyoyaona: waliojishughulisha sana na mazoezi katika saa zao wenyewe walikuwa na hatari ndogo ya ugonjwa wa moyo na ya kufa mapema, waliofanya kazi nzito sana katika saa za ajira walikuwa na hatari kubwa zaidi. Mwili ni ule ule, jasho ni lile lile, lakini matunda ni mbalimbali. Sababu moja inayotolewa si ngumu kufahamika. Zoezi ni fupi, lina mwisho, na nyuma yake huja pumziko. Kazi ya kutwa huuendesha moyo saa nyingi, huurudisha kabla haujatulia, na hufanya hivyo kesho na kesho kutwa. Bandu bandu huisha gogo, hata gogo likiwa la mninga.

Na katika duara yapo mambo mengine ambayo kifua kipana hakiyazuii. Vumbi la mwamba lina silika, na silika ikiingia mapafuni huacha makovu yasiyopona. Zebaki itumiwayo kukamatia dhahabu, ikichomwa, hutoa mvuke ambao huharibu mishipa ya fahamu. Hakuna misuli iliyopata kufunga mlango mbele ya vumbi. Mtu aweza kuwa na mikono ya kung'oa mti na huku, ndani yake, pumzi zinahesabiwa.

Sasa jibu la swali la kwanza laanza kuonekana. Kinachotenga zoezi na kuchakaa si uzito wa mzigo, bali ni uwezo wa kuutua. Awezaye kuutua mzigo wakati mwili wake unapoomba, huyo anautumia mzigo. Asiyeweza kuutua, mzigo unamtumia yeye. Mteleza skii ajiandaaye kwa majira ya baridi hubeba chuma kizito mabegani, lakini chuma hicho kina adabu, kwa maana kikiambiwa shuka, hushuka. Kiroba cha mchimbaji hakina adabu hiyo. Hakishuki mpaka mwenye duara aridhike, au mpaka njaa ya nyumbani inyamaze.

Hapa mwenye busara ya haraka atasema kwamba dawa ni nyepesi: mchimbaji na apumzike. Kumhubiri hivyo ni ukatili uliovikwa nguo ya hekima. Mtu ambaye chakula cha wanawe kimo ndani ya kiroba ambacho hakijapandishwa juu hawezi kufundishwa kupumzika kwa maneno, wala hastahili kulaumiwa kwa kutopumzika. Wajibu humwangukia aliyezikodi nguvu zake, na kadhalika humwangukia kila anayevaa pete bila kuuliza ilitoka katika kifua cha nani. Anayekodi nguvu za mtu bila ya kumwachia nafasi ya kuzijenga upya, hachukui nguvu za leo peke yake. Huchukua na za msimu ujao ambazo hakuzilipia. Huo ni wizi, ijapokuwa ujira wa siku umelipwa mkononi.

Mfugaji wa Kisukuma hahitaji mwanafalsafa wa kumweleza jambo hili, maana analijua kwa maksai wake. Hawafungi nira kutwa nzima. Jua likipanda, huwafungua wakaenda malishoni na majini. Kabla ya mvua huwatazama mbavu, na akiona wamekonda hujua kwamba plau yake itasimama katikati ya shamba. Mtu akiazima maksai hao, akawalimisha tangu alfajiri hata magharibi, akawarudisha bila ya maji, hataazimwa tena, na habari zake zitamtangulia kijiji kizima. Basi ni ajabu iliyoje kwamba mtu yule yule amhurumiaye maksai huweza kumsahau kibarua! Kama huruma yake kwa mnyama ni hesabu ya faida tu, angalau hesabu hiyo na aifanye kwa binadamu. Na kama ni huruma ya kweli, binadamu ndiye mwenye haki ya kuipata kwanza.

Yupo tena mtu ambaye hupitwa katika mazungumzo haya, kwa kuwa nguvu zake hazina msimu kabisa. Huyo ni mwanamke. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na huwa kichwani wakati mtoto yu mgongoni. Mkulima huingoja mvua, mcheza ngoma huyangoja mavuno, mteleza skii huingoja theluji. Lakini ndoo haina Oktoba wala Juni. Hakuna anayeiita kazi hii mazoezi, wala hakuna anayemshangilia aifanyaye. Na kwa kuwa haina msimu, haina siku ya kumalizika. Na kitu kisichomalizika hakina pumziko. Jamii inayosifu nguvu za vijana wake wa ngoma, ikasahau shingo za mama zao, imepima nguvu kwa kelele zinazofuatana nazo. Kisima kikichimbwa karibu na nyumba, si maji tu yaliyosogezwa. Ni pumziko lililorudishwa kwa mwenyewe.

Lakini haki haimhusu mkodishaji peke yake. Hata yule ambaye nguvu zake zi mikononi mwake mwenyewe aweza kuzidhulumu. Yuko kijana anyanyuaye makopo ya saruji ili kioo kimsifu, na asiyeweza kumsaidia mzee wa jirani kushusha gunia la mpunga. Kuupenda mwili wake si kosa. Mwili ni neema, na neema hupendwa. Kosa ni kuzifanya nguvu kuwa pambo. Nguvu zisizotafutiwa matumizi ni kama jembe lililopakwa mafuta, likatundikwa ukutani, likasifiwa na wageni, na huku shamba limeota magugu. Na mbaya kuliko huyo ni yule azitafutaye ili awatishe wanyonge, kwani huyo jembe lake amelinoa kwa ajili ya miguu ya wenzake.

Pengine kijana huyo atajibu kwamba yeye si mkulima wala mchimbaji, wala hatateleza juu ya theluji, na kwa hiyo hana msimu wa kujiandalia. Anao. Uzee ni msimu usiokosa kufika kwa yeyote aliyejaliwa umri. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilishauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri yasiyopungua dakika 150 kwa wiki, na ya kukaza misuli siku mbili au zaidi. Na kwa waliotimiza miaka 65 liliongeza mazoezi ya mizani ya mwili, ili wasianguke. Ajabu ni kwamba zoezi la mteleza skii, yaani kuchuchumaa na kuinuka, ndilo tendo la bibi anayeinuka kutoka kwenye kigoda chake mbele ya jiko. Mmoja hulifanya ili ashuke mlima, mwingine hulifanya ili amfungulie mjukuu mlango. Na mlango ule una heshima isiyopungua ile ya mlima.

Lipo pingamizi la mwisho, nalo ndilo zito kuliko yote. Msimu huweza usije. Mvua hukatika Novemba, mbegu ikaungua ardhini. Duara huchimbwa kwa miezi, na mwamba ukatoka mtupu. Boit alifanya kazi miaka miwili akawa wa mwisho. Ikiwa thamani ya maandalizi hutegemea msimu, basi kila ajiandaaye ni mcheza kamari, na alalaye amemzidi akili kwa kuwa hakuweka kitu mezani.

Katika mji wa dhahabu pingamizi hili lina nguvu za pekee, kwa sababu bahati huko ina waumini wengi. Habari ya mtu aliyeshuka maskini akapanda tajiri husimuliwa kwenye kila kibanda cha chai, na kila inaposimuliwa humfanya kijana aidharau njia ya polepole. Lakini pana tofauti kubwa kati ya mcheza kamari na mtu wa maandalizi. Mcheza kamari akishindwa, alichoweka kimekwenda. Mtu wa maandalizi msimu ukimwangusha, bado anacho kile kilichoandaliwa, maana kilichoandaliwa ni yeye mwenyewe. Mkulima ambaye mvua imemkimbia amepoteza mbegu, na hasara hiyo ni chungu wala haifai kupunguzwa kwa maneno matamu. Lakini mkono wake unaojua jembe, moyo wake uliozoea kuanza kabla ya kuona matunda, na majirani waliozoea kulima naye kwa mdundo mmoja, havikuungua pamoja na mbegu. Tena hakuna mtu hata mmoja duniani aliyelala mnyonge akaamka hodari kwa bahati. Dhahabu humwangukia mtu, nguvu hazimwangukii. Huenda hii ndiyo faida kubwa ya zoezi katika mji kama Buseresere. Humwonyesha kijana, katika nyama yake mwenyewe, kwamba iko mali moja ambayo bahati haina mkono ndani yake.

Na Boit? Alifika. Watu wawili walivuka mstari ule ule wa Nagano, mmoja akitangulia na mwingine akifuata kwa dakika 20, na yule wa kwanza alimngoja wa mwisho kwenye baridi. Dæhlie, aliyekuwa na medali nyingi za mchezo huo, hakuhitaji kitu kutoka kwa Mkenya huyo. Bali hodari wa kweli anajua gharama ya kilometa 10, na kwa kuijua hawezi kumdharau aliyezilipia kwa ukamilifu. Boit alimpa mwanawe jina la Daehlie, na yeye mwenyewe alirudi katika Olimpiki ya mwaka 2002 huko Salt Lake City na ya mwaka 2006 huko Turin. Aliyehesabu hasara asingerudi mara mbili. Kukumbatiana kule ni ushahidi kwamba nguvu zilizopatikana kwa haki humfanya mtu azione nguvu za mwenziwe, na zilizopatikana kwa dhuluma humpofusha.

Basi nguvu si mali ya anayezikodi, wala si pambo la anayezionyesha. Ni amana ambayo mtu hupewa kila asubuhi kwa kadiri ya jinsi alivyofanya kazi, alivyokula na alivyopumzika jana yake. Na anayemnyang'anya mwingine moja la mafiga hayo matatu amemnyang'anya mtu mzima. Mwaka ukigeuka, wingu la kwanza la Oktoba litasimama juu ya Buseresere. Chini yake atakuwako mkulima mwenye viganja vigumu, na mchimbaji anayetoka shimoni akikohoa, na mama mwenye ndoo kichwani. Wote watatu watalitazama. Haki ya mji itajulikana kwa idadi ya wale watakaolipokea wakiwa na nguvu zilizobaki.